Trekta dogo la kwanza kwa shamba lenye vilima: jinsi ya kuchagua hatua kwa hatua

Watu wengi wakianza kutafuta trekta la kwanza wanauliza hosipawa ngapi, na kwa shamba tambarare hilo swali halina ubaya. Kwa shamba lenye vilima linakuja la tatu. La kwanza ni hili: trekta likiwa kwenye mteremko mkali kuliko yote uliyonayo, limebeba mzigo, ardhi imelowa, ukikanyaga breki litasimama? La pili: tairi ya upande wa juu ikipanda jiwe, litabaki wima? Ukishayajibu hayo ndio urudi kwenye hosipawa, na utakuta matrekta kadhaa uliyoyapenda yameshajitoa yenyewe.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Wiki ya kwanza na trekta langu nilikuwa nateremka na baketi ya mbele imejaa changarawe, nyuma sijafunga kitu chochote, na fowili (ile ya kufanya tairi zote nne zivute) nimeizima manake nilikuwa nimeambiwa ikiwaka muda wote inakula tairi. Katikati ya mteremko uzito wote ukahamia mbele, tairi za nyuma zikawa zinagusa ardhi kwa mbali tu. Nikakanyaga breki, nikageuka kuangalia, tairi za nyuma zimesimama kabisa hazizunguki lakini trekta linaendelea kushuka, linateleza kama kitu kilichopakwa sabuni. Kilichoniokoa ni kuishusha baketi mpaka ikaikwaruza ardhi. Matrekta madogo mengi breki zake ziko kwenye ekseli ya nyuma peke yake, na nyuma ikikosa uzito huna breki. Fowili ikiwa imewaka, tairi za mbele zinakuwa zimeunganishwa na za nyuma kupitia gia na shafti, kwa hiyo breki ya nyuma inashika zote nne. Hilo hakuna aliyenieleza siku nanunua, na ndio nataka we ulijue kabla hujatoa hela.

Matrekta ninayozungumzia hapa ni yale madogo, kuanzia hosipawa 18 hivi mpaka 50.

Hatua ya 1: Pima mteremko kabla hujaangalia trekta hata moja

Macho yanadanganya sana, hasa kwenye shamba lako mwenyewe ambalo umeshalizoea. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 kamili na pima maji ya fundi ujenzi. Ncha moja ya ubao iguse ardhi upande wa juu, ile ya upande wa chini iinue mpaka kipovu cha pima maji kikae katikati, halafu mtu wa pili ashike tepu apime wima kutoka kwenye ncha iliyoinuliwa mpaka ardhini. Ukipata sentimita 18 una mteremko wa digrii 10. Sentimita 27 ni digrii 15, sentimita 36 ni digrii 20. Programu ya simu ya kupimia mwinamo nayo inafaa, ila iweke simu juu ya ubao mrefu uliolala ardhini, usiiweke kwenye udongo moja kwa moja manake kajiwe kadogo tu kanabadilisha jibu.

Usitafute wastani wa shamba. Pima pale utakapopita kweli, yaani njia ya kwenda majini, kona ya kugeuzia, pale mlangoni, sehemu ya kupandia tuta, na andika namba za kila sehemu kwenye karatasi. Ukiwa na tepu mkononi pima pia upana wa geti, nafasi kati ya mistari ya miti na urefu wa mlango wa banda utakaloliweka, watu wanasahau kwamba trekta lina chuma kirefu juu ya kiti.

Sasa angalia jiwe linafanya nini. Tuseme tairi zako za nyuma ziko mita 1.2 kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya nyingine, na unakata mteremko wa digrii 12 kwa ubavu. Tairi ya juu ikipanda jiwe la sentimita 15, trekta linaongezeka digrii 7 hivi za kuinama. Ghafla uko kwenye digrii 19 na hujaenda popote. Tairi ya chini ikiingia kwenye shimo la panya la kina hicho hicho hesabu ni ile ile, na vyote viwili vikitokea kwa pamoja sitaki hata kufikiria. Ndio maana mteremko wenye nyasi ndefu unatisha kuliko ulio wazi hata kama digrii zinalingana, kwenye nyasi huoni unachokanyaga.

Mi nagawa hivi, na huu ni msimamo wangu tu, kitabu cha trekta lako kikisema pungufu fuata kitabu. Chini ya digrii 10 trekta dogo lolote zima litafanya kazi ukiwa makini. Digrii 10 mpaka 15 unahitaji trekta pana, zito, lenye fowili, na kukata kwa ubavu kuwe kwa nadra. Ikizidi 15 nenda juu na chini kwa kunyooka tu. Ikizidi 20 hiyo sehemu iachie miti au nyasi, au mashine ya kutembea nyuma yake kwa miguu. Trekta la kukalia usilinunue kwa ajili ya hiyo sehemu hata muuzaji aapie vipi.

Hatua ya 2: Andika kazi, halafu ndio hosipawa

Kaa chini uandike kazi za mwaka mzima, sio zile unazoziwaza bali zile unazozifanya sasa kwa mikono au kwa kukodi. Kufyeka, kulima, kuvuta tela, kubeba samadi, kukarabati barabara baada ya mvua. Kazi inayochukua siku nyingi ndio iamue, ile ya siku moja kwa mwaka kodi.

Hosipawa zinazoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni ni za injini. Zinazozungusha mashine ni zile za PTO, ile shafti ya nyuma inayozunguka mara 540 kwa dakika, na hizo huwa pungufu. Uliza za PTO. Kwa mashine ya kufyekea au ya kusagia udongo, hesabu ya mkononi wanayotumia wengi ni hosipawa 5 za PTO kwa kila sentimita 30 za upana, kwa hiyo mashine ya mita 1.2 inataka kama 20. Kwenye mteremko sehemu ya nguvu inaliwa na kulipandisha trekta lenyewe, ongeza kidogo au chagua mashine nyembamba zaidi.

Kitu kingine ambacho watu wa milimani wanakipuuza ni mwinuko. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiwa mita 2,000, trekta la hosipawa 25 linafanya kazi kama la 20.

Utashangaa mbona matrekta mengi yameishia hosipawa 24 na pointi. Kanuni za moshi za Marekani zinabana zaidi injini kuanzia kilowati 19, ambazo ni kama hosipawa 25, kwa hiyo za juu ya hapo nyingi zimekuja na chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linajisafisha kwa joto, na kama kazi zako ni za dakika kumi kumi injini ikiwa imelegea, linaziba. Kwa shamba dogo la vilima, trekta la chini kidogo ya 25 lenye umbo kubwa linakupunguzia huo usumbufu.

Hatua ya 3: Uzito, upana, na jinsi lilivyokaa chini

Hapa usiwe na haraka. Kampuni moja inaweza kuuza matrekta mawili yenye injini inayolingana hosipawa, moja lina kilo 700, jingine lina kilo 1,200, na kwenye karatasi ya bei lile dogo linaonekana ndio akili. Kwa mlimani chukua lile kubwa. Tairi zake ni ndefu na pana, ekseli imetanuka, na uzito ndio unaokufanya ushike ardhi na usimame. Ubaya wake upo, udongo uliolowa linaugandamiza zaidi na kwenye njia nyembamba linasumbua, ila hayo yanarekebishika.

Kabla hujachagua uliza kama rimu za nyuma zinageuzika. Rimu nyingi zimebonyea upande mmoja, ukizivua na kuzigeuza tairi inakaa nje zaidi. Kama hazigeuziki, uliza kama mtengenezaji anaruhusu vipanuzi vya ekseli. Kila sentimita unayoongeza kwa upana inasaidia kuliko hosipawa yoyote.

Halafu kuna maji ndani ya tairi. Tairi za nyuma zinajazwa maji mpaka robo tatu hivi, hewa inabaki juu. Tairi ikimeza lita 100 ni kilo 100, mbili ni kilo 200, na uzito wote huo uko chini ya ekseli au jirani nayo, pale hasa unapoutaka. Sehemu zenye baridi kali weka kitu kisichoganda. Chumvi ya kalsiamu ni nzito na haigandi kirahisi ila inakula rimu, ukiitumia hakikisha kuna tyubu. Mbele usijaze kabla hujasoma kitabu.

Tairi zenyewe zina aina tatu utakazokutana nazo. R1 ndio zile za meno marefu ya mshazari, zinashika kwenye tope kuliko zote. R4 meno yake ni mafupi na mapana, ubavu wake mgumu, haziharibiki kirahisi kwenye mawe na mara nyingi ni pana zaidi. R3 ni za bustani, hazichimbi nyasi lakini kwenye mteremko uliolowa zinateleza. Udongo wa mfinyanzi na mvua nyingi chukua R1, mawe na kazi za baketi chukua R4.

Hatua ya 4: Gia au haidrostatiki

Trekta la haidrostatiki linasukumwa na mafuta yenye shinikizo badala ya gia za kawaida, unakanyaga pedeli linaenda, unaachia linapunguza mwendo lenyewe. Kwa mtu anayeanza kwenye vilima mi nalipendelea, manake hakuna ile sekunde ya hatari ya kukanyaga klachi. Trekta la gia ukikanyaga klachi kwenye mteremko limeachiwa, injini hailishiki tena, limebaki na breki tu. Watu wameumia hapo hapo, wakijaribu kubadilisha gia njiani. Sheria ni kuchagua gia ndogo juu kabla hujaanza kushuka na kuiacha hiyo hiyo mpaka chini, usiguse klachi.

Ila haidrostatiki nayo ina mtego wake. Ina renji mbili au tatu, ya taratibu, ya kati na ya haraka, na ukiipeleka kwenye nyutro katikati ya renji trekta linabiringika huru kama tela. Usibadilishe renji kwenye mteremko. Na kuachia pedeli sio kuegesha, mafuta yanavuja kidogo kidogo ndani na trekta linaweza kushuka taratibu, hendibreki ni lazima.

Gia zina faida zake, ni nafuu, hazipotezi nguvu, fundi wengi wanazijua, na kwa kulima kwa plau kutwa nzima zinashinda. Kama bajeti inabana na kazi yako kubwa ni kulima, chukua la gia lenye leva ya kwenda mbele na nyuma bila kuhangaika na gia nzima.

Hatua ya 5: Fowili, breki, difu

Trekta la kuvuta kwa tairi mbili tu kwa shamba lenye vilima usinunue, hata kwa bei ya kutupa. Nimeshaeleza kwanini. Hakikisha leva ya fowili iko mahali unapoifikia umekaa, na kwamba inaingia kweli. Muuzaji akisema ipo, ijaribu: kwenye ardhi laini washa fowili, vuta kitu kizito, mtu asimame pembeni mbali kidogo aangalie kama tairi za mbele zinachimba.

Breki za nyuma kwenye matrekta mengi ni pedeli mbili, kushoto na kulia, za kukatia kona. Kuna kipande cha chuma cha kuzifunga pamoja. Kwenye mteremko na barabarani zifungwe pamoja muda wote, ukikanyaga moja peke yake kwenye mwendo trekta linageuka ghafla na linaweza kulala ubavu. Difu loki, ile ya kuzifunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, ni nzuri tairi moja ikianza kuzunguka bure, unaikanyaga, unatoka, unaiachia. Usikate kona ikiwa imeshika.

Hatua ya 6: Chuma cha kukinga na mkanda

Trekta lisilo na chuma cha kukinga nyuma ya kiti usilipeleke mlimani. Uswidi ililazimisha matrekta mapya kuwa nacho tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana, kwa hiyo hili sio jambo la kubishania tena. Chuma kikiwa kimesimama unafunga mkanda, kila mara, hata kwa mita ishirini, manake bila mkanda unarushwa nje na chuma hicho hicho kinaweza kukuangukia. Kikiwa kimekunjwa mkanda haufungwi, na ukweli ni kwamba kwenye shamba la vilima hakuna sababu nzuri ya kukikunja, labda unaingia bandani. Ukinunua la zamani ambalo halina, tafuta cha mtengenezaji kilichopimwa. Usimpe fundi wa kuchomelea akutengenezee kwa bomba, kitaonekana imara na siku ya kazi kitapinda.

Na ujue kupinduka kwa nyuma. Ukivuta gogo umefunga mnyororo juu, kwenye ekseli au kwenye mkono wa juu wa kufungia vifaa, mbele inanyanyuka, na kuanzia inaponyanyuka mpaka pale ambapo huwezi tena kuirudisha ni chini ya sekunde moja. Mkono hauwahi klachi. Kila unachovuta kifungwe kwenye droba, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma, basi. Kwenye mteremko mkali upande mzito wa trekta ukae juu, kwa hiyo kama huna mzigo mbele, nyuma ndio nzito, panda kwa rivasi na ushuke kwa mbele.

Hatua ya 7: Vifaa, na uzito wa kusawazisha

Mikono mitatu ya nyuma kwenye matrekta ya ukubwa huu ni ya kundi la 1, pini za chini milimita 22, ya juu milimita 19. Ukikuta trekta lina pini ndogo kuliko hizo jua vifaa vyake utavitafuta sana. Uwezo wa kunyanyua nao soma vizuri, kampuni nyingine zinapima kwenye ncha ya mikono, nyingine sentimita 61 nyuma yake, na namba mbili hizo hazilinganishwi. Baketi ya mbele vivyo hivyo, kupimia kwenye pini kunatoa namba kubwa kuliko kupimia katikati ya mzigo.

Ukinunua loda, yaani mikono ya mbele inayobeba baketi, siku hiyo hiyo nunua au tengeneza boksi la uzito la kufunga nyuma. Pipa lililomwagiwa zege na kuwekewa pini linatosha kabisa. Hilo ndio ningekuwa nalo siku ile ya changarawe. Na mzigo ubebe chini, baketi ikiwa usawa wa goti, kuiinua ni wakati wa kumwaga tu na uwe umesimama sehemu tambarare.

Tela lisilo na breki lisizidi uzito wa trekta, na kwenye mteremko mkali weka nusu au pungufu. Tela likianza kusukuma kwa nyuma trekta linajikunja katikati.

Hatua ya 8: Kulikagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini, ikiwa ya moto jiulize kwanini. La baridi likiwaka haraka na moshi ukakata baada ya muda mfupi ni dalili nzuri, moshi wa buluu usioisha ni oili inaungua. Vuta kijiti cha oili ya injini na cha haidroliki, ikiwa na rangi ya maziwa kuna maji ndani. Nyanyua mbele kwa jeki, itikise tairi kwa mikono miwili juu na chini, mchezo mkubwa ni kingipini (pini ambayo tairi inageukia) au beringi. Angalia pini za loda kama zimekula matundu yakawa mviringo wa yai. Washa PTO, sikiliza. Nyanyua mzigo na mikono ya nyuma, zima injini, subiri dakika kumi uone umeshuka kiasi gani.

Saa za kazi ya injini kwenye mita zisikupumbaze, linganisha na pedeli. Mita inasoma saa 400 na mpira wa pedeli umelika mpaka chuma? Mita imebadilishwa.

Kabla ya bei ulizia spea: chujio, mkanda wa feni, sili za ekseli ya mbele, klachi. Piga simu mwenyewe kwa anayeuza spea, taja modeli, uliza zipo leo au za kuagiza. Trekta zuri la kampuni isiyo na spea karibu litakaa bandani msimu mzima, na mi kati ya modeli bora na fundi aliye karibu nachagua fundi.

Hatua ya 9: Lijaribu kwenye mteremko

Kujaribu kwenye uwanja tambarare hakukwambii kitu. Omba lije shambani kwako, au mtafute mteremko wenye digrii zile ulizoandika kwenye karatasi. Chuma kisimame, mkanda ufungwe, fowili iwake, renji ya taratibu. Tangi liwe zaidi ya nusu, manake likiinama na dizeli ndogo linaweza kunyonya hewa likazimika. Anza bila mzigo, juu na chini kwa kunyooka, simama katikati ya kupanda, simama katikati ya kushuka, vuta hendibreki, inua mguu taratibu uone linashika. Kisha rudia na nusu mzigo ukiwa na uzito nyuma. Ukikaa sikiliza mwili wako, kama umeinama kushikilia usukani kwa nguvu na moyo unaenda mbio kwenye mteremko wa kawaida wa shamba lako, hilo trekta ni jembamba au ni jepesi kwa pale, mrudishie mwenyewe na mshukuru. Likikupa utulivu, liegeshe hapo hapo usiku mmoja kwenye sehemu tambarare juu ya kipande cha boksi safi, na asubuhi angalia boksi lina matone ya rangi gani na yako chini ya nini kabla hamjaanza kuongea bei.